Mgongo, Kofia na Ardhi: Kupaka Rangi Jeshi la Milimita Sita kwa Pesa Kidogo

Batalioni yangu ya kwanza ya Wafaransa, visanamu vya askari vya mchezo wa vita wa mezani, niliipaka kutoka mbele. Nilikaa chini ya taa, kisanamu mkononi, uso wake ukinitazama, nikahangaika na kola nyekundu, kifua cheupe cha koti, hata vifungo. Kisanamu chenyewe kina urefu wa milimita 6. Jioni tatu zikaishia hapo. Nilipokipanga kikosi mezani na kusimama pale anaposimama mchezaji, yaani nyuma ya jeshi lake, sikuona kola wala kifungo. Niliona migongo. Niliona shanta, na juu ya shanta makoti mazito yaliyoviringishwa, na vilele vya kofia, na mabega. Yote hayo nilikuwa nimeyapitishia brashi mara moja, haraka haraka, kama fundi anavyopaka nyuma ya kabati.

Batalioni ya pili nilianza na mgongo. Ilinichukua jioni moja, na hadi leo ndiyo wageni huinama kuitazama.

Haya ninayoyaeleza ni kwa mtu anayetaka kuona jeshi zima mezani na hana pesa za kumwaga. Nimegundua kwamba katika ukubwa huu mambo mawili, kubana matumizi na kupata jeshi zuri, yanakwenda njia moja. Ukishajua jicho la mchezaji linatua wapi, unaacha kununua vitu vya kuhudumia mahali ambapo jicho halifiki.

Milimita 6 ni takribani kipimo cha 1:300, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 300. Mtu wa mita 1.7 anabaki na urefu wa kama punje ya mchele iliyosimama. Askari wa milimita 28 unampaka kama picha ya mtu, una haki ya kumtia mboni za macho. Wa milimita 6 ni uzi mmoja katika kitambaa, na unachokipaka ni kitambaa. Pale Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, Napoleon alikuwa na watu wapatao 72,000, na batalioni ya Kifaransa ilikuwa na kama watu 500. Kwa visanamu vikubwa unaweka ishirini na wanne na kuliomba jicho liamini. Kwa vidogo unaweka safu tatu zilizobanana, kama walivyosimama wao wenyewe, na jicho haliombwi kitu.

Vyangu huja vikiwa vimeungana wanne wanne kwenye kipande cha milimita 20. Vipande vitatu kwa upana, vitatu kwenda nyuma: askari 36 juu ya kitako, yaani kibao wanachosimamia, cha milimita 60 kwa 30. Tone moja la rangi linatosha kikosi kizima. Kichupa kidogo nilichokinunua nikianza bado kina nusu, na nimeshapaka zaidi ya batalioni ishirini.

Kwa hiyo rangi usinunue nyingi. Mimi nina nane: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu, manjano, kahawia ya udongo, kaki na ya fedha. Zilizobaki ni za kuchanganya. Kijani hutoka kwenye buluu na manjano, kijivu kinajulikana kinakotoka, na rangi ya ngozi ni kahawia yenye nyeupe na nyekundu kidogo, ukizidisha au kupunguza kwa kadiri ya watu unaowapaka. Akriliki za bei ya chini, zile za kazi za mikono, zinafaa kabisa kwa sehemu kubwa ya kazi. Udhaifu wao uko kwenye kufunika: chembe za rangi ni chache, na manjano ndiyo mbaya kuliko zote, huonyesha weusi wa chini hata ukipaka mara nne. Dawa yake si kununua manjano ya gharama. Tia kaki kwanza, iache ikauke, kisha manjano juu yake. Nyekundu nayo inataka kahawia chini. Ukifanya hivyo mpako mmoja unatosha.

Mahali ninapokubali kutoa pesa ni kwenye brashi moja. Moja tu. Watu hukimbilia brashi nyembamba kama sindano wakidhani kitu kidogo kinataka brashi ndogo, lakini brashi hiyo haibebi rangi; inakauka kabla hujafika kwenye kazi. Chukua namba 1 yenye ncha inayokusanyika vizuri. Tumbo lake linabeba rangi, ncha yake inaweka alama. Itunze: rangi isifike kwenye shingo ya chuma, isisimamishwe ndani ya gilasi ya maji kwa kichwa, na kila jioni izungushe kwenye kipande cha sabuni kilicholowa halafu uirudishe umbo kwa vidole. Kwa vidole, nasisitiza, usiichonge kwa midomo. Visanamu vingi vya metali, hasa vya zamani, vina risasi ndani yake, ile metali yenye sumu, na unga wake unapopiga tupa haufai kuingia mwilini. Nawa mikono ukimaliza. Brashi zilizochakaa usizitupe, nitazirudia.

Kibao cha rangi nilijitengenezea: mfuniko wa plastiki wenye kingo, karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi inakaa mbichi usiku kucha badala ya kukauka ndani ya dakika kumi. Kwa mtu anayechanganya rangi zake mwenyewe hili si anasa, maana buluu uliyoipata jana kwa bahati huwezi kuipata tena leo.

Sasa kazi yenyewe. Nagandisha vipande tisa kwenye vijiti vitatu vya ubao kwa gundi nyeupe ya mbao, tone dogo tu, ili baadaye nivichomoe kwa ncha ya kisu. Andakoti, rangi ya chini kabisa, ni nyeusi isiyong'aa. Ya kupulizia ya magari inashika vizuri kwenye metali, lakini pulizia kwa mbali na kwa kupita, usisimame mahali pamoja, la sivyo sura zote zinazama. Ikikauka, nachukua brashi iliyochakaa, naichovya kwenye kijivu, naifuta kwenye kitambaa mpaka iache vumbi la rangi tu, halafu naipitisha juu ya visanamu kutoka juu kwenda chini. Hii ndiyo brashi kavu. Ghafla unaona kila kitu: ukingo wa kofia, mkanda wa shanta, kiwiko. Kijivu hicho ndicho ramani yangu. Bila hicho unapapasa gizani.

Kisha buluu. Hapa kuna jambo lililonisumbua muda mrefu. Koti la askari wa miguu wa Kifaransa lilikuwa la buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Nilitafuta buluu hiyo hasa, nikaipata, nikapaka, na nilipokiweka kikosi mezani nikaona madoa meusi. Kitu kidogo kinarudisha mwanga mchache, na vivuli vya mikunjo yake vinabanana, kwa hiyo rangi ile ile iliyo sahihi kwenye kitambaa cha kweli inageuka usiku kwenye kisanamu. Inabidi uipandishe. Buluu yangu ya Wafaransa sasa ina nyeupe ndani yake kiasi ambacho kwenye kijiti cha kujaribia kinaonekana kimezidi. Mezani kiko sawa. Hata nyekundu ya Waingereza naitia kidogo cha manjano ili iwe kama pilipili iliyoiva. Jaribu kwa kusimama, mkono umenyooka. Hukumu ya kisanamu kilicho sentimita kumi kutoka puani haina maana, kwa sababu hakuna atakayekitazama hivyo.

Kila rangi inaingia kwa wote 36 kabla ya rangi nyingine kufunguliwa. Suruali, halafu koti. Shanta za Wafaransa zilikuwa za ngozi ya ng'ombe yenye manyoya, kwa hiyo kahawia, na kahawia zenyewe zisilingane: tatu nyekundu kidogo, mbili za mchanga, moja yenye doa jeupe. Hili halinigharimu chochote, ni suala la kuongeza tone la kitu kingine kila baada ya askari kadhaa, na ndilo linaloondoa ule mwonekano wa kiwandani. Juu ya shanta, koti lililoviringishwa: kaki iliyotiwa nyeupe, mstari mmoja wa kulala. Mstari huo ndio unaong'aa zaidi kwenye kikosi kizima ukikitazama kutoka nyuma, na ukiupaka kwa mkono mtulivu kazi imeshafika nusu. Waingereza wao shanta zao nyeusi, hivyo mgongo wa Mwingereza unategemea zaidi mabega mekundu na mikanda.

Usoni weka tone. Tone moja la rangi ya ngozi, na vitone viwili vya mikono. Macho usiyaguse. Bunduki mstari wa kahawia, singe mkwaruzo mmoja wa fedha. Mikanda ya msalaba kifuani nyeupe, na hapa usiogope weusi unaobaki kati ya rangi na rangi. Weusi huo ndio unaochora askari. Ukiufunika wote, unapata kibonge. Kwenye duara la juu la kofia napitisha mstari mwembamba wa kijivu. Kofia ni nyeusi, na bila mstari huo vilele 36 vinayeyuka kuwa kimoja.

Mwisho naosha shanta na nyuso kwa maji ya rangi: kahawia iliyozimuliwa mpaka iwe kama chai ya rangi, pamoja na tone dogo mno la sabuni ya vyombo ili maji yasijikusanye kama shanga bali yakimbilie kwenye mifereji. Mikanda myeupe naikwepa, au naigusa upya baadaye.

Bendera nachapisha kwenye karatasi ya kawaida, nakata, nakunja juu ya mlingoti kwa gundi nyeupe, na nikiwa bado nayo ikiwa mbichi naitia mawimbi kwa vidole. Ukingo wa karatasi unabaki mweupe, upake. Basi.

Nimefika kwenye kitako, na hapa nitakaa.

Nimeona vikosi vilivyopakwa kwa ustadi mkubwa vikisimama juu ya kibao kilichopakwa kijani bapa, na macho yakavipita. Nimeona pia vikosi vya rangi tatu tu vikiwa juu ya ardhi ya kweli, na kila mtu akasogea. Ukihesabu eneo, kwenye kitako cha milimita 60 kwa 30 ardhi inayoonekana inakaribia nusu ya kila kitu. Nusu ya picha yako ni udongo, na udongo ni rahisi kuliko vyote.

Vitako vyangu vya mwanzo vilikuwa vya kadibodi ya maboksi madogo, tabaka mbili. Nilivipaka gundi nyeupe, nikamwaga mchanga, nikalala. Asubuhi vyote vilikuwa vimejikunja kama majani makavu, pembe juu, askari wa pembeni wakielea. Gundi inapokauka inasinyaa, na inavuta upande wake. Ilinibidi nivibandue askari wote, na baadhi yao walipoteza singe. Nilijifunza kupaka gundi iliyozimuliwa chini pia, kwa wakati mmoja na juu, ili pande mbili zivutane sawa, kisha kukikandamiza kitako chini ya kitabu kizito hadi kesho yake. Kadibodi iliyotendewa hivyo inakaa miaka. Ukipata ubao mwembamba wa milimita 2 ni bora zaidi, lakini hata huo kitako kikiwa kikubwa uutie rangi chini.

Vipande vya visanamu vina unene wao, na usipouficha unaona ngazi: askari kasimama juu ya kijukwaa. Nauziba kwa uji wa gundi nyeupe, mchanga laini uliochekechwa na rangi ya kahawia, vyote vimekorogwa pamoja hadi viwe vizito kama tope la kukandika ukuta. Nausukumia kati ya safu kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ni kazi ya subira, kwa sababu ukimpaka askari tope kiunoni itakubidi umrudie. Lakini rangi ikiwa imo ndani ya uji, hata ukigongwa na kumeguka siku za mbele, jeraha linaonyesha udongo na si weupe.

Mchanga uwe laini kuliko unavyodhani. Katika 1:300 chembe ya milimita moja ni jiwe la sentimita 30. Mchanga wa kawaida unageuza shamba kuwa mto uliokauka.

Halafu rangi, na hapa situmii akriliki za vichupa kabisa. Rangi ya ukutani isiyong'aa, hata mabaki ya kopo la mtu aliyepaka chumba, inafanya kazi ileile na inatosha majeshi mawili. Kahawia iliyokolea kwanza, kisha brashi kavu ya kahawia nyepesi, kisha brashi kavu ya rangi ya mchanga, hafifu kabisa. Zile brashi zilizochakaa zinakufa hapa kifo chema. Nyasi natengeneza kwa vumbi la mbao: nalichekecha, nalikoroga na rangi ya kijani iliyozimuliwa, nalianika juu ya gazeti, nalifikicha. Natengeneza mafungu matatu, kijani, kijani yenye manjano na kaki, nayachanganya bila kuyalainisha. Kijani kimoja kitupu hakipo popote duniani.

Lakini kabla ya kuchagua kijani chochote, tazama tarehe ya vita. Hili ndilo ninalotamani mtu angeniambia mapema. Tarehe na mahali vinakupa rangi ya kitako, bure. Adwa ilipiganwa tarehe 1 Machi 1896, nyanda za juu za Ethiopia, katika msimu wa kiangazi: hapo nataka udongo wa rangi ya vumbi, mawe mengi, nyasi za kaki. Isandlwana, Waingereza dhidi ya Wazulu huko Afrika Kusini, ilikuwa tarehe 22 Januari 1879, na kusini kule Januari ni majira ya mvua. Nyasi zinakuwa mbichi na ndefu. Ile manjano ya nyasi zilizoungua, ambayo wengi wetu tunaiweka chini ya Wazulu kwa sababu ndivyo tunavyoiwazia Afrika, inafaa miezi ya Juni na Julai. Waingereza wenyewe walikwishachafua kofia zao nyeupe kwa chai wasionekane mbali. Mtu aliyejali hivyo kuhusu kufanana na ardhi anastahili kupewa ardhi ya kweli ya mwezi wake.

Waterloo ilikuwa katikati ya Juni, na mvua kubwa ilinyesha mchana na usiku wa tarehe 17. Mashamba yalikuwa na nafaka iitwayo rai, mirefu kufikia mabega ya mtu na hata kumpita. Kwa hiyo vitako vyangu vya Waterloo vina vitu viwili: tope na rai. Tope ni ule uji wa kahawia, nikiuongezea nyeusi kidogo kwenye njia walizopita watu, na juu yake tone la vanishi ya kung'aa mahali maji yaliposimama. Tone, si dimbwi.

Rai ilinihangaisha. Nilijaribu nywele za brashi, nikajaribu uzi. Jibu nililikanyaga kila siku mlangoni: zulia la makumbi la kufutia miguu. Nyuzi za makumbi zina ile rangi ya nafaka inayoelekea kuiva, hazihitaji hata kupakwa, na zulia moja lililochakaa linatosha vita vyote nitakavyocheza maishani. Kwa shamba linalosimama peke yake nakata kipande kizima na kukipunguza kwa mkasi kifikie milimita 6, urefu wa mtu. Kwenye vitako vya askari nachomoa nyuzi kidogo kidogo, nazikata, nazisimamisha kwenye gundi mbele ya safu ya kwanza, wima. Kati ya askari sifanyi kitu. Nyuma ya safu ya tatu nazilaza, zote zikielekea mbele, kule kikosi kinakokwenda.

Kikosi cha d'Erlon, jenerali wa Napoleon, kiliteremka bondeni siku ile ya Waterloo kwa batalioni zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja safu tatu. Nilipoviweka vitako vinane hivyo kwa mara ya kwanza, kimoja kikigusa kingine, nilikuta shida: rai iliyosimama wima mbele ya batalioni ya tano. Haiwezekani. Batalioni nne zimekwisha kupita hapo. Nikazing'oa nyuzi za kitako cha pili hadi cha nane, nikazilaza, na kila nilivyokwenda nyuma nikapunguza nyuzi na kuongeza tope, hadi cha nane ambacho kina tope tu na majani mawili matatu yaliyozama. Sasa ukiwatazama kutoka nyuma, mahali pako pa kusimama, unaona njia waliyoifungua.

Neno moja kuhusu vanishi. Nilipulizia batalioni mbili jioni yenye unyevu mwingi hewani, na asubuhi zilikuwa zimefunikwa ukungu mweupe, buluu yote imekuwa ya majivu. Niliziokoa kwa kupaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ambayo iliurudisha uwazi, kisha isiyong'aa juu yake siku kavu. Tangu hapo sipulizii hewa ikiwa nzito. Naipaka kwa brashi, tabaka nyembamba, nikianza na singe, kwa kuwa hizo ndizo vidole hugusa kwanza.

Kikosi cha d'Erlon kimekamilika na kiko kwenye boksi lake, kimewekewa sumaku chini. Waprusi, washirika wa Waingereza, walianza kuingia vitani siku ile alasiri, kutoka mashariki, kwa njia za matope mazito, na mizinga yao ikikwama. Vitako vyao tayari nimevikandika: tope zito, nyayo za farasi nilizozibonyeza kwa ncha ya kijiti, hakuna rai hata unyuzi mmoja. Wenyewe wako dirishani kwenye vijiti vyao, andakoti nyeusi ikikauka, migongo imeelekea kwangu.